Sebule Iliyogoma Kuingia

Miaka minne Ardith alimwomba mumewe ang'oe zulia. Vumbi la Quartzsite, kule jangwani Arizona, halina adabu: ulifagie asubuhi, mchana limerudi na kujikalia kama mwenye nyumba. Na nyumba yenyewe ilikuwa gari, refu kama basi, ambalo yeye na Verlin walihamia walipostaafu. Miaka yote minne Verlin alijibu kesho. Halafu Jumatatu ile Nola, dada yake Ardith, akapiga simu kutoka Idaho. Madaktari walikuwa wameacha kumtibu, wanampa dawa za maumivu tu, naye alitaka kumwona mdogo wake. Verlin alipopata habari hiyo akachukua koleo, akaanza kung'oa zulia.

Usiniulize kwa nini. Wapo wanaume ambao ukiwaambia twende, ndipo wanapokumbuka kazi. Tena Verlin na Nola hawakupikika chungu kimoja tangu siku ya harusi, Nola alipomwambia bwana harusi mbele za watu kwamba ana maneno mengi kuliko mikono.

"Siku mbili tu," Verlin alimwambia Ardith. "Tutaingia Idaho na sakafu inang'aa. Kawia ufike, bibie."

Ardith akapiga magoti kando yake, akang'oa pini moja moja, maana zulia la magari haya hushikizwa kwa pini kana kwamba aliyelitandika alikuwa na kisasi. Alifanya haraka ili waondoke haraka.

Jirani yao Hobart alikuja kuchungulia. Magari haya yana sebule inayosukumwa nje ubavuni mkiegesha, na lazima ivutwe ndani kabla ya safari. Isipoingia, gari haliendi popote. Hobart akamshauri Verlin aivute ndani kwanza, apime nafasi iliyobaki chini yake, ndipo apake gundi ya sakafu mpya. Verlin akamuuliza tangu lini mtazamaji akamfundisha fundi. Hobart alipotoka akamwambia Ardith kwamba yuko tayari kumpeleka uwanja wa ndege wa Phoenix, mwendo wa saa mbili. Ardith akashukuru, akasema mume wake anakaribia kumaliza. Aliona aibu kuonekana mke anayemkimbia mumewe kwa ajili ya sakafu.

Jumatano adhuhuri sakafu mpya ya vinaili, plastiki ya rangi ya mbao, ilikuwa imetandikwa, nzuri kweli. Ardith mwenyewe aliipapasa akafurahi. Akafungia vyombo kabatini. Verlin akabonyeza kitufe. Sebule ilisogea hadi katikati, magurudumu yake yakapanda ukingo wa vinaili, yakaukunja, yakauchana, kisha mota ikaguna na kuzima. Nusu ndani, nusu nje. Na gundi ilikuwa imekwisha kushika.

Alhamisi Verlin alikata kwa kisu. Ijumaa alifungua mota. Kila asubuhi alisema ni leo, na kila asubuhi Ardith alimwamini, akampigia Nola kumwambia ni leo. Ijumaa jioni Nola alimjibu kwa sauti ndogo sana.

"Mwambie Verlin aendeshe polepole, mdogo wangu. Mimi nipo, nawangoja."

Alidhani wako njiani. Ardith hakumsahihisha. Alikaa kitandani na ile simu mkononi akimchukia mumewe, akajichukia mwenyewe zaidi, kwa kuwa miguu alikuwa nayo.

Jumamosi asubuhi simu ilipolia, aliyepiga alikuwa mtoto wa Nola. Ardith alisikiliza akiwa nje kwenye ngazi, akasema asante, akakata. Nyuma yake mota ikaunguruma. Sebule ikaingia taratibu mpaka mwisho, na Verlin akatokea mlangoni, magoti yamejaa gundi, uso umechangamka.

"Imeingia," alisema. "Panda, bibie, twende."

"Twende wapi?"

"Idaho. Kwa dada yako, wapi tena?"

"Nola amekufa alfajiri. Amekufa akidhani niko barabarani."

Verlin akaegemea mlango. Akaanza kusema kwamba amejitahidi, kwamba yeyote angeweza kukosea vipimo, kwamba hata hivyo sakafu alikuwa akiililia yeye Ardith miaka yote hiyo. Hilo lilikuwa kweli. Ardith alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Isukume nje tena," alisema. "Hatuna tunakokwenda."