Zohali na Ukuta wa Mzee Abdulazizi

Salmini alikuwa ameitukana mota ya darubini kimoyomoyo, halafu kwa sauti, mpaka mkewe Faidha akamwambia aache, watoto wanasikia.

Darubini ilikuwa ya shule anakofundisha fizikia, Newala mjini. Mkuu wa shule alimruhusu kuileta nyumbani Mnyambe kwa ajili ya baba yake. Mzee Abdulazizi alikuwa ameshapoteza jicho moja kwa presha ya macho, na la pili lilikuwa linamalizikia. Hospitali ya Ndanda walimwambia ukweli bila kumzungusha: kilichokwenda hakirudi. Jicho lililobaki lilikuwa na uwazi mdogo tu katikati, kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi. Mzee akasema hataki kingine, anataka kuiona sayari ya Zohali na pete yake kabla giza halijafunga kabisa.

"Nione kama ni kweli, au mnatudanganya na vitabu vyenu," alisema.

Ili aione, ilibidi Zohali itulie katikati ya kioo. Dunia inazunguka, vya mbinguni vinahama, na kazi ya mota ni kuigeuza darubini polepole iende navyo. Nayo ilikuwa inageuza, inavuma taratibu kama inavyotakiwa. Lakini mzee akishikwa mabega, akainamishwa, akalitafuta tundu kwa kile kiuwazi alichobakiwa nacho, Zohali imeshasogea pembeni. Salmini anairudisha. Mzee anainama tena, mgongo unamuuma, anatafuta. "Sioni kitu," anasema. Siku za mwanzo alikuwa anaongeza, "labda kesho." Baadaye akaacha kuongeza.

Mashine ya namna hii hutaka mhimili wake uelekezwe kusini kamili. Hapo Salmini hakuwa na wasiwasi. Aliupanga na ukuta wa ubavuni wa msikiti uliopakana na ua wao. Kutoka Mnyambe, Makka iko kaskazini, karibu moja kwa moja, kwa hiyo ukuta ule ulitakiwa kwenda kaskazini kwa kusini. Isitoshe, ulichorwa na baba yake mwenyewe enzi za ujana wake, kwa dira aliyoazima kwa wapima ardhi. Kwa ajili ya mstari ule mzee alikosana na mdogo wake, Husseni, aliyeshikilia kwamba kibla kiko kulia kidogo. Yakasemwa maneno yasiyorudishika. Husseni akahamia Lisekese, akafia huko, na kaka yake hakwenda kuzika.

Kwa kujiridhisha, Salmini aliweka dira ya simu ubavuni mwa ukuta. Ikakubaliana na ukuta barabara. Basi mwenye kosa akawa mota.

Akaifungua. Akasafisha gia, akapaka grisi, akabadili betri. Zohali ikahepa vilevile. Akaifungua tena, safari hii kwa hasira, na katika kukaza skrubu gia ya plastiki ikapasuka. Akashuka nayo Masasi kwa Nikolao, fundi redio, ambaye aliigeuzageuza mwangani akamrudishia.

"Mwalimu, hii usijisumbue. Hapa haipatikani, na Mtwara sidhani."

Njiani kurudi ndipo akili ilipomrudia. Mota ikizembea, Zohali huiacha darubini nyuma na kukimbilia magharibi. Ile ya kwao kila siku ilitokea kaskazini. Mota haina namna ya kukosea kuelekea kaskazini. Kosa la namna hiyo hutokana na mhimili.

Kesho yake akasimika kijiti uani. Akatia alama kivuli cha asubuhi, na mchana, kivuli kilipofika urefu uleule upande wa pili, akatia alama nyingine, akagawa katikati. Hapo ndipo kaskazini ya kweli. Akavuta kamba sambamba na mstari huo mpaka kwenye ukuta. Ukuta ulikuwa umekwenda kushoto, nyuzi tano hivi. Dira hufuata sumaku ya dunia, nayo haielekei kaskazini kamili. Jambo hilo analifundisha mwenyewe kidato cha pili, na kufokea wanaosinzia. Dira ya baba na ya simu zilikubaliana kwa sababu zilikosea pamoja.

Mota ilikuwa nzima. Aliivunja kwa mikono yake kwa sababu hakuthubutu kuushuku ukuta. Na baba mdogo Husseni ndiye aliyekuwa sahihi.

Shehe yeyote angemwambia ibada haiharibiki kwa tofauti ndogo kama hiyo, na Salmini alilijua hilo. Halikumsaidia. Kilichoharibika hakikuwa ibada.

Jioni mawingu ya mvua yalikuwa yameshafunika upande wote wa Ruvuma. Mzee aliletwa uani na Faidha, akaketi, uso ameuelekeza mahali ambapo darubini haikuwepo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekwishajua ubovu uko wapi?"

Salmini aliitazama kamba, bado imelala pale chini, mbele ya miguu ya baba yake.

"Ni mota, Baba. Imekufa."

"Mota." Mzee akacheka kidogo. "Basi nilijua. Vitu vyenu hivyo! Ukuta wangu je, umewahi kuharibika?" Kisha akasema kwa upole, "Usihuzunike, mwanangu. Hata ungeitengeneza, tangu juzi sioni hata mkono wangu. Sikutaka kukuvunja moyo."

Akanyanyuka, akapapasa mpaka akaugusa ukuta wa msikiti, akauegemea.

"Nikifa mnilaze uso ufuate mstari huu, kama tulivyomlaza mama yako. Hao wa Lisekese wasije wakawapotosha."

"Sawa, Baba," alisema Salmini. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kwa kuwa baba yake hakuona, hakuyafuta.