Gome la Mti wa Moraa

Bi Khatoon, jirani yetu hapa Malvern, ughaibuni, anadai tawi la mti wetu liliangukia uzio wake bila hata upepo. Ati alikuwa anaanika nguo, akasikia tu kraa! Mimi sikuona, nilikuwa kazini nafagia. Lakini habari iliwafikia watu wa bima, wakasema hawaikatii nyumba bima tena mpaka mti ukaguliwe. Bila bima, benki haitaendelea na mkopo, na dada yangu Moraa ataipoteza nyumba.

Mkaguzi alikuja leo asubuhi. Kumbe ni Mkenya mwenzetu, Kiprop. Aligonga shina kwa nyundo ya mbao, akasikiliza, akazunguka nyuma, akasimama.

"Nani amebandua gome hivi?"

Mama mkwe wa Moraa, aliyekuja kutoka Kisii mwaka jana, akainua kikombe chake. "Ni mimi, mwanangu. Nachemsha dawa ya magoti."

"Mama, umeubandua pande zote! Mti unakufa huu."

"Unakufa? Mbona magoti yamepona?"

Moraa alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini, bado na sare yake, ameegemea mlango.

"Kaka Kiprop," akasema polepole, "ukiandika tumeubandua wenyewe, bima watatukataa. Mimi nimechoka, sina nguvu ya kutafuta nyumba nyingine. Andika gome limepasuliwa na baridi. Tafadhali."

Kiprop alikunja futi yake ya kupimia, macho juu, kwenye matawi yaliyoinamia paa la Bi Khatoon; mti ukifa, ndiko yatakakoangukia.