Doa Chini ya Sikio

Mtaani walimwita Sabuni, naye hakuchukia. Alikuwa na duka la chumba kimoja, kamera moja, kiti cha mteja kisicho na mgongo, kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani, na kompyuta iliyoanza kazi kwa kukohoa kama mzee aliyeamshwa kabla ya wakati. Ukimpelekea uso wenye chunusi, anazifuta zote na bado unabaki wewe. Ukimpelekea picha ya harusi yenye jirani asiyealikwa, amesimama mlangoni na mdomo umejaa chakula, anamwondoa jirani na chakula chake, na mlango anaujenga upya hadi bawaba. Wapiga picha wengine, wanaume wenye mabango makubwa kuliko lake, walimtumia kwa simu kazi zilizowashinda, kisha wakazitoa kwa wateja wao na kujisifu. Sabuni alicheka tu. Nusu ya nyuso nzuri zilizotundikwa kwenye sebule za mtaa ule zilipita mkononi mwake.

Kazi yenyewe inataka subira. Unachagua ngozi nzima, tuseme ya shavu la kulia, unaichota kidogo kidogo, unaipachika juu ya jeraha la shavu la kushoto, halafu unalainisha kingo mpaka jicho likose pa kusimama. Sabuni angeweza kuifanya huku anapiga soga.

Na alikuwa na sharti lake. Akimaliza picha, aliihifadhi juu ya ile ya mwanzo, na kadi ya kamera akaifuta siku hiyo hiyo. Zamani, alipokuwa ameajiriwa, bibi harusi mmoja mwenye makovu ya moto usoni alisafishiwa picha zake vizuri, kisha mfanyakazi mmoja akawaonyesha rafiki zake zile za mwanzo, zikatembea simu hadi simu mpaka zikamfikia mwenyewe. Sabuni alimkuta yule dada kwenye benchi la duka, analia bila sauti. Siku hiyo akala kiapo kwamba kwake hakuna sura ya mwanzo itakayobaki. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo. La kumlaumu lipo, na linakuja.

Kaka yake alikuwa na binti mmoja, waliyemwita Cheko kwa sababu alicheka hata akikemewa. Cheko aliolewa na mpima viwanja, kijana mpole wa maneno, anayeamkia watu wote na kumbebea mkwewe mfuko. Wakapata mtoto wa kike, kicheko kile kile, wakamwita Kacheko. Kila siku ya kuzaliwa ya mtoto, walikuja watatu dukani kwa Shangazi Sabuni kupiga picha ya familia.

Mwaka wa kwanza Cheko alikuwa na uvimbe chini ya jicho.

"Mlango wa kabati, Shangazi," alisema kabla hajaulizwa. "Uliachwa wazi."

Sabuni akausafisha.

Mwaka wa pili alama zilikuwa shingoni, chini ya sikio la kushoto, nne zimepangana na moja imekaa peke yake upande wa pili. Mume alitoka nje kupokea simu. Shangazi akashusha sauti. "Mwanangu, kuna nini?"

Cheko alitazama kioo cha kompyuta, si uso wa shangazi yake. "Wewe futa tu, Shangazi. Picha itawekwa sebuleni, wageni wataiona."

Akafuta. Na alipomaliza alifurahi, aibu iliyoje, kwamba shingo ilitoka nzuri. Alijiambia atazungumza na kaka yake. Wiki ile kaka aliumwa mgongo, wiki iliyofuata kukawa na jambo jingine, na maneno yakampoa mdomoni. Mwaka wa tatu ilikuwa kidole kilichofungwa bendeji na mpasuko kwenye mdomo. Safari hii hakuuliza, alifuta tu. Kwa nini aulize alichokijua?

Miezi minne baadaye Cheko alikufa. Walisema ameteleza bafuni na kugonga kichwa sakafuni. Polisi waliandika hivyo hivyo, daktari hakupinga, na Cheko akazikwa siku ya mvua.

Wiki tatu baada ya mazishi familia mbili zilikaa sebuleni kwa kaka yake Sabuni, mchana, madirisha wazi. Lilikuwa jambo moja tu: Kacheko, ambaye sasa alikuwa wa miaka mitatu na ushee, akae wapi. Mama wa Cheko alitaka mjukuu abaki kwake. Alisema binti yake aliwahi kumpigia simu akilia.

"Maneno ya simu, dada yangu," alisema baba mdogo wa mume, mzee mnene aliyezoea kusikilizwa. "Mtu anayepigwa huonekana. Nani hapa aliwahi kumwona na alama?"

Mume alifungua mfuko na kutoa picha tatu zenye fremu. Zikapita mkono kwa mkono. Zilipomfikia Sabuni, alizilaza mapajani. Palikuwa na shavu la mwaka wa kwanza, shingo ya mwaka wa pili, mdomo na kidole vya mwaka wa tatu. Ngozi laini, mwanga mzuri, familia inayopendeza. Kazi yake bora yote ilikuwa pale mapajani, inamtetea mwanamume yule.

Akapiga moyo konde, akasimama. "Hizi picha si za kweli. Nilizisafisha mimi. Alikuwa na alama kila mwaka."

Wifi yake, mama wa Cheko, ndiye aliyegeuka kwanza.

"Kila mwaka?" aliuliza. "Ulijua miaka mitatu, wifi?"

Sabuni aliketi tena, akazigeuza zile picha kifudifudi.

"Shangazi yetu ameumizwa na msiba," alisema mume kwa upole. "Tumwelewe."

"Atuletee hizo zenye alama," alisema baba mdogo. "Tutakaa tena kesho kutwa."

Sabuni alirudi dukani mbio. Alifungua kila faili, akachomeka kila kadi, akamwita fundi wa kompyuta, mtu aliyewahi kurudisha picha za watu zilizopotea kwenye simu zilizotumbukia majini. Fundi aliangalia kwa saa nzima, kisha akavua miwani.

"Mama, hizi zingefutwa tu ningezitafuta," alisema. "Lakini wewe umeandika picha nyingine juu yake, na kadi umezitumia tena na tena. Hakuna kitu chini."

"Hata kimoja?"

"Umefanya kazi safi mno, mama yangu."

Kesho yake alikaa mbele ya kompyuta na picha ya mwaka wa pili. Alijua ilikuwa wapi kila alama: ya kwanza chini ya ndewe ya sikio, ya pili imeinama kidogo, ya tatu nzito kuliko zote. Aliijua rangi, zambarau katikati na ukingo wa kijani unaoelekea manjano. Mkono wake uliozifuta ulizirudisha, na haukusita popote. Akarudisha uvimbe chini ya jicho. Akarudisha mpasuko wa mdomo na bendeji iliyolegea kwenye ncha. Ilipofika alasiri Cheko alikuwa anamtazama kutoka kwenye kioo kama alivyokuwa kweli, na shangazi yake akaweka kichwa mezani na kulia kilio alichokizuia siku ya mazishi.

Akachapisha zote tatu.

Kikao kilipokaa tena, baba mdogo alizichukua, akazisogeza dirishani, akazitazama bila haraka. "Kazi nzuri," alisema. "Juzi ulituambia unaweza kufuta alama, mtu asijue. Hivi wa kufuta hivyo atashindwa kuchora?"

Watu wa upande wake wakaguna. Mume aliinamisha kichwa kama mtu anayemwonea mwenzake haya.

Ndipo kaka yake, aliyekuwa kimya siku zote mbili, akamwuliza. "Dada, niambie mimi. Hizi ndizo zenyewe, au umezitengeneza?"

Angeweza kudanganya. Wengi wetu tungedanganya. Lakini yule ni kaka yake, aliyembeba mgongoni kuvuka mto wakienda shule, na hakuwahi kumdanganya hata kwa sukari iliyolambwa.

"Nimezitengeneza," alisema. "Lakini ndivyo zilivyokuwa, kaka. Wallahi ndivyo zilivyokuwa."

Sentensi ya pili hakuna aliyeisikia. Kikao kilikwisha dakika ile. Kacheko aliondoka na baba yake jioni, amelala begani, kiatu kimoja kimemvuka, na wifi alibaki na kile kiatu. Kaka aliingia chumbani na kufunga mlango. Tangu siku ile hakumsemesha dada yake. Mume aliacha kuleta picha kwa Shangazi, na mtoto hawakumwona tena, maana kila walipopiga hodi waliambiwa amelala, au ametoka, au ana homa kidogo.

Sabuni aliendelea na kazi, kwa sababu kodi ya duka haijui msiba. Ila aliacha kuhifadhi juu. Kila picha sasa ilikaa mara mbili, ya mwanzo na ya mwisho, na kompyuta ikajaa na kukohoa zaidi. Wateja walipolalamika kwamba anachelewa, aliwaambia wavumilie.

Ilipita miezi mitano. Siku moja saa nne asubuhi simu yake ililia. Alikuwa Mwanga, mpiga picha wa duka la kona, mmoja wa wale wenye mabango. Alikuwa ameandika: "Shikamoo Sabuni. Picha ya shule hii, mteja anataka doa litoke, mimi linaniacha na ukungu. Nisaidie, anakuja kuchukua saa kumi."

Akafungua picha.

Alikuwa mtoto wa kike wa karibu miaka minne, sare mpya, nywele zimechanwa kwa maji. Hakuwa anacheka. Chini ya sikio la kushoto, juu kidogo ya kola, kulikuwa na alama tatu ndogo zimepangana, na ya nne imejificha nusu ndani ya kola.

Sabuni alikaa. Kisha akasimama, akakaa tena. Kipanya kilikuwa kimeshalala kiganjani mwake, kwa mazoea tu, na alipokiona akakisukuma mbali mpaka kikaanguka kutoka mezani na kuning'inia kwa waya wake. Akampigia Mwanga.

"Umempiga picha lini?"

"Leo, kama nusu saa iliyopita. Baba yake alisema ameanguka kwenye bembea. Kwani—"

"Kadi ya kamera umeifuta?"

"Bado."

"Usiiguse. Usiitoe hata kwenye kamera. Funga duka, nakuja."

"Mama, nina wateja hapa."

"Mwanangu," alisema Sabuni, na sauti ilimtoka tofauti, "nilimfuta mama yake mara tatu. Funga duka."

Mwanga alifunga duka.

Yeye na Sabuni walipitia kwa kaka. Sabuni hakupiga hodi ya adabu. Aliingia na simu mkononi, akaiweka mezani mbele yake, juu ya kiatu kidogo ambacho wifi alikuwa amekiweka pale tangu siku ile. Kaka alitazama shingo ya mtoto. Kisha akachukua koti lake, na wote wanne wakaenda kituoni kwa miguu, wifi mbele.

Askari wa kike kaunta alichukua maelezo taratibu. Jina. Makazi. Uhusiano na mtoto.

"Kazi yako?"

"Nasafisha picha," alisema Sabuni.

Kalamu ilisimama. "Na hii umeisafisha?"

"Hii ameipiga huyu." Akamsogeza Mwanga, aliyekuwa ameikumbatia kamera kama yai. "Ipo humo humo kwenye kamera yake, na saa imeandikwa. Mimi sijaigusa."

Askari alichukua kamera, akaikuza picha mpaka shingo ikajaa kioo. Akahesabu kwa ncha ya kalamu, midomo inacheza. Akamwita mkubwa wake kutoka chumba cha ndani, naye akaja, akatazama, akauliza baba wa mtoto anarudi dukani saa ngapi. Ukutani saa ilionyesha saa sita kasoro robo.

Kaka alisogea karibu na dada yake. Miezi mitano hakumpa hata salamu.

"Cheko naye alikuwa nazo hapa?" aliuliza. "Pale uliponichorea?"

Sabuni alinyoosha kidole juu ya shingo ya mtoto, bila kugusa kioo.

"Hapa hapa," alisema. "Mwaka wa pili."

Kaka yake alitikisa kichwa kukubali, mara moja, kisha akakaa chini sakafuni pale pale kaunta, na askari akaanza kuandika.