Mabati ya Jikoni

Timu ya mtaa ilikuwa na jina lake zuri la kwenye cheti, lakini watu waliiita Lifti, kwa sababu ilipanda daraja ikashuka, ikapanda tena ikashuka, mpaka wachezaji wenyewe wakalizoea jina hilo. Na kila ilipopanda, muoka mikate alipoteza paa.

Ilikuwa hivi. Daraja la tatu unachezea popote, hata penye mbuzi. Daraja la pili, chama cha soka hakitaki kusikia habari ya uwanja usio na uzio. Lifti haikuwa na uzio wala dalili ya kuwa nao, basi majirani waliiazimisha mabati, na wa kwanza kuyatoa alikuwa fundi bati, mume wa muoka mikate, mtu asiyejua kuikatalia timu ile jambo lolote. Alipanda juu ya jiko la mkewe, akang'oa mabati, akayabeba kwenda uwanjani. Timu iliposhuka aliyarudisha yana matundu mapya ya misumari, akayaziba kwa lami.

Mara ya kwanza mama huyu alikuwa na mimba ya kitindamimba wake, na alicheka. Mara ya pili hakucheka. Mara hii ya tatu alikuwa amechoka mpaka mifupani. Msimu mzima alikanda unga chini ya turubai, mvua ikinyesha tanuri linazimika, moshi unamrudia machoni, wateja wanamhama mmoja mmoja. Na kitindamimba yule sasa ndiye golikipa wa Lifti. Amlaumu nani?

Siku ya mechi ya mwisho alijifunga kitambaa akaenda uwanjani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Lifti ilihitaji sare tu ibaki daraja la pili. Yeye alikwenda kuomba ifungwe. Alisimama na mumewe nyuma ya goli, na mabati yake akayatambua papo hapo kwa masizi.

"Wamenitoza kiingilio bure," alisema. "Paa langu liko humu tangu msimu uanze."

"Mke wangu, leo nivumilie tu," fundi bati akajibu, macho kwenye mpira.

Mpaka dakika za mwisho ilikuwa bila kwa bila. Mwanawe alijaa matope kichwa hadi miguu, sauti imemkauka kwa kuwafokea mabeki. Kisha refa akapuliza filimbi, akaonyesha penalti dhidi ya Lifti. Mpigaji akarudi nyuma, na muoka mikate akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema:

"Iingie, tupumzike."

Ikaingia.

Mwanawe alilala kifudifudi pale pale golini, mabega yakimtikisika, kama alivyolia utotoni kila alipovunja kitu. Hapo moyo ulimuuma mama, ukamuuma kweli. Alitamani ayameze maneno yake. Mumewe alikuwa ameyasikia. Hakumtazama. Alitoa nyundo begini akaanza kung'oa mabati, watu hata hawajatoka.

"Si uache hata kesho?" mkewe alimwambia.

"Umesubiri vya kutosha, mama watoto."

Alilisema bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Asubuhi fundi bati alikuwa juu ya jiko, golikipa chini akimpasia mabati, macho yamemvimba, mkate aliowekewa hajaugusa.

"Angalau umepata jiko lako, mama," alisema, na alikuwa anasema kwa moyo mweupe, maana hakujua kitu.

Mama yake alitazama juu, jua likipenya kwenye matundu na kumdondokea usoni na kwenye unga. Alikuwa amelitamani paa hili msimu mzima, na sasa lilimwelemea kuliko turubai. Mumewe akaweka msumari, akainua nyundo.

"Baba watoto."

"Nini tena?"

"Usikomelee yote. Piga ya kwenye kona tu."

"Na upepo ukija?"

"Ukija nitaweka mawe juu. Mwakani mtapanda tena, mtayataka, na sipendi yatobolewe ovyo."

Nyundo ikabaki hewani. Tangu jana, hapo ndipo mumewe alipomtazama.