Mfuko wa Maua

Mama Uzi alikuwa ameomba jambo moja tu: koti lifungwe vifungo vyote, mpaka shingoni. Alimwambia mhifadhi wa makumbusho siku alipolileta, akampigia na simu kumkumbusha, na mhifadhi, mtu wa makamo mwenye kalamu sikioni, akaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" kama anayefukuza inzi. Sasa koti lenyewe limo ndani ya kabati la kioo, limevishwa sanamu isiyo na kichwa, na kifua chote kiko wazi. Mfuko wa maua ulionekana tangu mlangoni.

Alimshika mkono kitinda mimba wake, aliyemsindikiza, wakasimama kando ya nanga kuukuu iliyolazwa katikati ya ukumbi.

Mfuko huo ndio uliomla moyo miaka yote. Mumewe alikuwa baharia wa manowari. Wimbi lilimchukua sitahani, huko kwenye bahari za baridi, kitinda mimba akiwa bado tumboni, na mwili haukupatikana. Jeshi la majini lilimletea koti lake zito la sufu, limekunjwa vizuri, kavu, halina hata chumvi. Alilijua palepale. Kiraka cha kiwiko cha kushoto alikitia kwa mkono wake, na kwa kuwa ni mshonaji, mishono yake aliijua kama mtu anavyoujua uso wake. Kisha akalifungua ndani. Akakuta mfuko wa kitambaa cha maua ya zambarau, umeshonwa na mkono wa mtu mwingine, na mtu huyo hakuwa mwanamume. Fundi wa nguo unaweza kumdanganya kwa mengi, lakini si kwa mshono.

Hakumwambia mtu. Alimlilia mumewe kwa jicho moja, la pili likawa linamhoji marehemu: uliacha koti, ukatoka kwenye baridi bila nguo, na huu mfuko kakushonea nani?

Hata hivyo, mtu hawezi kukaa bila kaburi. Makumbusho yalipotangaza kwamba yanafungua chumba kipya cha mabaharia wa manowari, na kwamba kila kifaa kitawekewa kibao cha shaba chenye jina la mwenyewe, Mama Uzi alilitoa koti sandukuni. Jina la mumewe halikuwa limeandikwa mahali popote ambapo mtu angeweza kwenda kusimama. Leo alikuja kuhakikisha halikosewi kabla fundi hajalichonga.

"Mama," kitinda mimba alinong'ona, "mbona yule anamlilia baba?"

Kweli, mbele ya kioo alisimama mwanamke mnene, mwavuli kwapani, kitambaa puani. Alikuwa analia bila haya, kama yuko kwake.

Mama Uzi alijivuta mpaka pale. "Shikamoo," alisema, maana mwanamke yule alionekana kumzidi umri kidogo, na hata hasira ina adabu zake.

"Marahaba, mwanangu. Niache kidogo. Nimeona kitu changu."

"Kipi?"

"Huo mfuko. Hilo lilikuwa gauni langu, nililikata mwenyewe. Na hilo koti ni la mume wangu."

Kwa hiyo ndiye huyu. Kwa miaka yote alimfikiria mwembamba, mwenye wanja na viatu vya kisigino. Hakumtarajia mwanamke wa makamo mwenye mwavuli na mafua.

"Koti hilo ni la mume wangu *mimi*," alisema. "Nimelileta mwenyewe. Kiraka hicho ni changu."

Mwenye mwavuli aliacha kulia ghafla, kama bomba lililofungwa. Alimtazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Kiraka cha kiwiko? Cha kwako? Kumbe ni wewe!"

"Mimi nani?"

"Wewe uliyekuwa unamshonea mume wangu! Nilikiona kiraka hicho, nikamwuliza, nani kakushonea? Akaniambia, 'Mwenzangu ana mke fundi.' Mke fundi! Nikamwambia, nenda kawadanganye samaki. Safari ya mwisho akarudi na kikohozi, koti hana. Liko wapi? 'Nimempa mwenye nalo.' Miaka yote, mpaka namzika juzijuzi, jibu ni hilohilo. Nilijua tu liko kwa mwanamke. Na liko kwa mwanamke, si huyu hapa!"

Kitinda mimba alikuwa ameshika mdomo. Mama Uzi naye hakujua ashike nini. Alikuja kudai, na sasa anadaiwa. Kama huyu alimzika mumewe juzijuzi, basi hawakuolewa na mtu mmoja. Na kama si mtu mmoja, mfuko ulifikaje ndani ya koti lenye kiraka chake?

Kelele zilimtoa mhifadhi ofisini, kalamu sikioni. Alisikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akazidi kukunja uso.

"Lakini akina mama," alisema, "haya hayakuwa makoti ya mtu. Ni makoti ya zamu. Kwenye manowari zile mabaharia walipewa koti moja kwa watu wawili. Anayetoka zamu analivua, anamvisha anayeingia. Hakuna aliyelihitaji akiwa amelala. Na meli ikitia nanga, walipokezana vilevile kulipeleka nyumbani."



"Na hukuniambia?" Mama Uzi aliuliza.

"Wewe ndiye uliyelileta, mama. Nikadhani unajua."

"Na kibao cha jina la mwenyewe?"

Mhifadhi alikuna kichwa. Kwa kweli hilo hakuwa amelifikiria.

Mama Uzi alilitazama koti upya. Kiraka nje, mfuko ndani. Wake wawili wasiojuana, kila mmoja akilishona koti lilipofika kwake, na kila mmoja akiuona mkono wa mwenzake na kumchukia. Na mume wa mwenzake, alipoulizwa, akasema kweli asiaminike. Yeye wa kwake hakuwahi hata kumwuliza. Aliona aibu, halafu akaona nafuu, halafu aibu tena, wala hakujua ipi ikae.

"Basi lililetwaje kwangu?" alisema polepole. "Jeshi liliniletea mimi."

Mwenye mwavuli alikuwa amekaa kwenye benchi. Sauti yake ilishuka. "Mwenye nalo," alisema. "Alilitia kwenye vitu vya marehemu, mjinga yule. Akamaliza safari kifua wazi, ndicho kikohozi kile. Mimi nikamwita mzinzi."

"Alikuwepo? Usiku ule?"

"Hakuwa anapenda kuusema. Ila akiumwa homa alikuwa anausema." Alipangusa pua. "Mwenzake, ndiye mumeo, alikuwa ametoka zamu, kamvisha koti, kaingia ndani. Halafu akatoka tena, na kikombe cha chai. Kumletea. Mume wangu akanyoosha mkono kupokea, na wimbi likaja. Alibaki na kikombe."

Mama Uzi akashika kioo cha kabati, ingawa kibandiko kilikataza. Miaka yote alimgombeza marehemu kwa kutoka bila koti. Kumbe halikuwa lake saa ile. Kitinda mimba akamwekea mkono mgongoni.

Mhifadhi alikohoa. Alikuwa mtu mwema, ila kazi ni kazi. "Fundi wa vibao anangoja. Naweza kuandika majina yote mawili, nafasi ipo. Ila nianze na lipi?"

"La mume wake," Mama Uzi alisema upesi, kabla moyo haujabadilika. "Ndiye aliyelivua, akakaa na baridi, ili mimi nipate cha kushika. Litangulie."

"Thubutu!" Mwenye mwavuli alisimama, mwavuli ukaanguka. "Usimsikilize."

"Dada, nimeshasema."

"Na mimi nasema, wangu nimemzika, kaburi lake nalifagia nikitaka. Andika la mume wake kwanza."

Mhifadhi alizubaa, kalamu hewani. Muda mfupi uliopita wanawake hawa walikuwa karibu kuvuana vilemba, kila mmoja akivutia kwake. "Sasa mama, niandike kwa sababu gani? Lazima pawe na utaratibu."

"Utaratibu upo," mwenye mwavuli alisema. "Anatangulia aliyetoka zamu." Kisha akamgeukia Mama Uzi na kumshika mkono, kwa nguvu, kama anamgombeza. "Alikuwa ameshatoka, mwenzangu. Hakuwa na haja ya kurudi kule nje."