Milima ya Isaya

Katekista Florentin alikuwa anapalilia mihogo nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Mikelenge mjini Kindu, vijana wawili wa chama walipoingia uani.

"Citoyen," mmoja alimwita, yaani raia, kama chama kilivyotaka watu waitane. "Raisi wa seksio anakuita. Sasa hivi."

Mke wake, Euphrasie, aliacha nguo kwenye beseni. Miaka ile ya chama kimoja si wote walioitwa seksio, ofisi ya chama ya mtaa, walirudi siku hiyo hiyo. Akaingia ndani, akatoka na sweta na sabuni, akavifunga kwenye kitenge.

"Chukua, baba Pélagie. Kule kulala chini iko baridi."

Florentin alijua kosa lake. Jumapili ya Majilio, padri akiwa safarini Kailo, yeye ndiye aliyehubiri. Alieleza unabii wa Isaya: mjumbe anatangulia, mabonde yanafukiwa, milima inashushwa, njia inanyooka. Ili watu waelewe, alitaja salongo, ile kazi ya lazima, kwa sababu wiki hiyo mtaa mzima ulikuwa unafukia mashimo ya barabara kumngojea mkubwa mmoja kutoka Kinshasa. "Lakini huyu wa Isaya," alisema, "ni mkubwa kuliko wakubwa wote." Watu walicheka. Bila shaka mmoja hakucheka.

Raisi wa seksio, Masudi, alikuwa mtu mnene, mzaliwa wa familia mojawapo ya Waislamu wa zamani wa Kindu. Kando yake alikaa katibu wake, kijana mwenye sauti kali.

"Wanasema umehubiri milima itashushwa," Masudi alianza. "Ile milima njo nani? Njo sisi wakubwa?"

"Hapana, mukubwa. Njo kiburi ya muntu. Kuanzia yangu mimi."

Katibu akadakia: "Na huyu mwenye kupita wakubwa wote? Katika inchi hii mukubwa njo mumoja tu!"

Katibu akalegeza sauti. "Jambo lenyewe iko rahisi. Jumapili useme mjumbe njo chama, na mwenye kutengenezewa njia njo mugeni wetu. Watu watatoka wengi kwa salongo, na wewe utaenda kwako."

Sentensi moja tu, na Florentin angekuwa nyumbani kabla ya chakula. Alimfikiria Euphrasie pale uani. Kisha akamgeukia Masudi.

"Mukubwa, yule mjumbe mwenyewe walimuuliza: wewe njo Masiya? Kama angekubali, watu wote walikuwa nyuma yake. Alikataa. Alisema hata kamba ya viatu vya ule anayekuja hastahili kuifungua. Kama yeye hakuchukua ile nafasi, mimi nitaweza namna gani kuipa muntu mwingine?"

Masudi aliinamia meza.

"Huyo mjumbe, jina lake nani?"

"Yohane, mwana wa Zakaria."

"Zakaria mzee, mwenye muke wake alikuwa tasa?"

"Njo yeye."

"Ah! Mbona hukusema?" Masudi aliegemea nyuma, uso umefunguka. "Huyo njo nabii Yahya! Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha habari zake tangu tukiwa watoto."

"Huyo Yahya alikatwa kichwa na mufalme," katibu alisema taratibu.

"Ndiyo. Na mpaka leo ule mufalme wanamutaja kwa ubaya." Masudi alimtazama katibu hadi akainamisha macho. "Mimi sitaki kuwa yeye hapa Mikelenge. Katekista, kwenda kwako. Ila mifano ya barabara uiache kwanza, mpaka mugeni apite."

"Aksanti, mukubwa."

Nje, Florentin alikaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, akacheka peke yake mpaka mama mmoja aliyepita akamuuliza kama ni mgonjwa. Kisha akainuka, akaenda mbio mbio kama hana miaka hamsini.

Euphrasie alimwona kwenye kona. Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale mavumbini, akalia, halafu akaanza kucheka huku machozi yakimtoka.

"Umewaambia nini?"

"Ngoja nile kwanza."

Alimletea bugali na samaki. Florentin alikula akimsimulia, na kabla hajafika kwenye maneno ya Masudi, kichwa kilikuwa kimeinama kifuani, amelala usingizi mzito kwenye kiti, mchana kweupe. Euphrasie hakumwamsha. Alimtoa tonge mkononi polepole, akakaa karibu naye akimfukuzia nzi.