Mguu wa Tano

Mkasi wa mwalimu wa chekechea ulikuwa umelegea msumari, kwa hiyo alikata nao huku ameubana kwa kidole gumba, na kidole kilikuwa kimeshaota sugu. Ilikuwa Alhamisi alasiri. Watoto walikuwa wameshakwenda nyumbani, na mezani walibaki dinosaria ishirini na watatu wa trei za mayai, maboksi ya dawa ya meno na vibanio vya nguo. Mmoja alikuwa na macho yote upande mmoja. Mwingine alikuwa mkia mtupu.

"Kesho wazazi wanakuja," mwalimu mkuu alisema, akichungulia mlangoni. "Hao dinosaria wanyooshe kidogo."

Kunyoosha kidogo ndiko kulikompa jina la Mwalimu Gundi. Mwaka wa sita sasa, watoto walitengeneza asubuhi, yeye akatengeneza upya alasiri, na chini ya kila kazi likabaki jina la mtoto. Moyo haukumpa raha, ila mikono ilishazoea. Akabandua, akakata, akabandika. Akahamisha macho, akapunguza mkia, akachonga meno mpaka yakalingana. Walipofika ishirini na wawili, akamchukua wa mwisho, wa Chiriku, msichana ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Huyu alikuwa na mguu wa tano, katikati ya tumbo, "ikichoka ile mingine." Chiriku alikuwa amemwaga nusu ya kopo la gundi, ikakauka kama saruji. Mwalimu Gundi akavuta, akavunjika ukucha, akamwacha hivyo hivyo, akawapanga wote kwenye rafu ya ukumbini.

Ijumaa, saa tatu kasoro robo, wazazi wakiwa wameshakaa ukumbini, dinosaria walishuka wenyewe rafuni.

Mwalimu mkuu alimwagiza mlinzi afunge mlango wasije wakatoka barabarani. Wazazi walisogeza mikoba. Fundi magari mmoja aliinua miguu ili wapite. Watoto wakapiga magoti sakafuni, mikono wazi, kila mmoja anamwita wake, na dinosaria ishirini na wawili wakawapita bila hata kugeuza shingo, wakaenda kujipanga kwenye viatu vya Mwalimu Gundi. Akasogea dirishani, wakamfuata. Akasogea kabatini, wakamfuata. Yule wa meno, aliyemchukua karibu saa nzima, akaanza kupanda sketi.

Mtoto wa fundi magari alimkamata wake, akampindua na kumwonyesha tumbo. "Ona, jina langu hili hapa. Mbona huji?" Alipomweka chini, dinosaria akarudi mbio kwa mwalimu.

Mwalimu Gundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alijua wanachosema wale wanyama, na alingoja mtu mzima hata mmoja ajue.

"Jamani, wanampenda mwalimu wao!" akasema mama mmoja, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mwalimu mkuu alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

Wa Chiriku alifika nyuma ya wote, akiburuta mguu wa tano. Hakumtazama mwalimu. Alipita katikati ya viti, akapanda mapajani kwa Chiriku, akajilaza.

"Na huyo wa miguu mitano, kamtengeneza nani huyo?" mtu akauliza, na watu wakacheka, si kwa ubaya.

Mama yake Chiriku, mshonaji, hakucheka. "Si nilikwambia uwe makini, mwanangu? Ona wa wenzako walivyonyooka."

Chiriku, ambaye hakukosa neno hata siku moja, akamfunika dinosaria wake kwa viganja. Mwalimu Gundi alitaka kusema yote, tangu samaki wa karatasi aliowanyoosha mwaka wa kwanza. Mwalimu mkuu akamtupia jicho. Akainama kumbandua yule wa meno kwenye sketi.

Wale ishirini na wawili walihamia nyumbani kwa Mwalimu Gundi, wakakaa kwenye kapu la nguo chafu, na mwisho wa wiki wote hawakumwacha atulie. Alipokwenda kuanika, walikwenda. Alipokaa, walimkalia.

Jumatatu somo lilikuwa ndege. Aligawa makaratasi na mikasi, kisha akangoja. Watoto hawakugusa kitu. Mmoja mmoja, walimsogezea karatasi.

"Nikatie wewe, Mwalimu."

"Na mimi."

Akatazama meza ya Chiriku. Dinosaria wa miguu mitano alikuwa ametoa kichwa kwenye mkoba, anamtazama mwenye mkoba. Chiriku akausukuma mkasi mbali.

"Hata wewe?" Mwalimu Gundi akauliza. "Jaribu kwanza mwenyewe, mama. Wako ndiye aliyekuja kwako."

"Nikijaribu si utakata tena tukienda nyumbani?"

Alisema taratibu, bila kununa. Mlangoni mwalimu mkuu alikuwa amesimama, akihesabu siku zilizobaki kabla ya mkutano mwingine wa wazazi. Mwalimu Gundi akauchukua mkasi, akaubana kwa kidole gumba, akaanza na ndege wa Chiriku.